Fundi Aliyemvisha Rubani

Wenzangu wa kahawa ya alasiri, tangu nirudi hamnipi hata nafasi ya kumeza tende. Huyu anauliza ati kweli yule Mzungu aliruka mpaka nje ya dunia, huyu anauliza kwa nini nimerudi na macho mekundu, na mwengine, jina lake silitaji, ameshatangaza mtaa mzima kuwa nilikwenda kununua shamba Al Qabil. Basi nakaa chini naandika mara moja. Pitishianeni karatasi hizi, na mkinikuta tena barazani niulizeni habari za mpira.

Mnamjua Asya, mtoto wa dada yangu, aliyekwenda kusoma Amerika. Huko alipanga chumba kwa mzee mmoja mjane, Bwana Orin. Mzee huyu ujanani alikuwa rubani wa majaribio. Ndege mpya ikitoka kiwandani, hakuna ajuaye kama itaruka au itaanguka, yeye ndiye anayetiwa ndani wa kwanza. Akarusha ndege za roketi miaka mingi, na mwisho wakampandisha chombo cha angani, mara mbili, akaizunguka dunia akarudi. Siku moja Asya akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Huyu mzee anakuja Oman. Anatafuta fundi yake ya ndege. Anaitwa Fundi, kwao Sharqiyah."

"Fundi wake," nikamsahihisha. "Watoto nyinyi mnakiua Kiswahili."

"Haya, fundi wake. Utamsaidia?"

Nikasema nitamsaidia. Kosa la safari nzima limo katika maneno hayo, na kosa ni langu. Mtoto kazaliwa hapa Maskati, Kiswahili chake cha kuokota jikoni kwa bibi yake, maneno yanampungukia. Mie mtu mzima nikashughulika na sarufi, sikumuuliza fundi wa nini.

Maskati mpaka Ibra

Tulitoka Jumatano asubuhi na gari yangu. Bwana Orin ni mrefu, mwembamba, masikio makubwa, na hajui kukaa garini kama abiria. Kila nikikata kona mguu wake wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo. Nikamwambia, Bwana Orin, miye naendesha barabara hii tangu ilikuwa vumbi. Akaomba radhi, akaendelea kukanyaga.

Tulipoyapita majabali ya mwanzo akanieleza alilojia. Nalieleza hapa kama alivyolieleza, kwa sababu ndilo lililotuzungusha siku nne.

Fundi, alisema, ndiye aliyekuwa akimtayarisha kila safari ya ndege ya roketi. Asubuhi moja Fundi akamkataza asiruke. Alisema mkono wa kulia haujamridhisha, anataka siku moja zaidi. Mie nikafahamu kuwa mtambo una mkono, nikaitikia kwa kichwa kama anayejua. Bwana Orin, kijana wakati ule na kichwa kikubwa, akamtukana mbele ya watu wote, akasema aletwe mtu mwengine. Akaletwa. Fundi akafukuzwa kazi siku ile ile.

"Nikaruka," alisema. "Kule juu kioo kikapasuka, hewa ikatoka yote. Ule mkono wa kulia ukahimili. Baadaye tulipoufungua tukaona umetengenezwa upya. Fundi alikuja peke yake alfajiri, kabla sijafika, akautengeneza. Hakutaka ila siku moja ya kuujaribu."

"Ukamwandikia?"

"Sikumwandikia. Mwanzo kiburi. Halafu aibu."

Bwana Orin alikuwa na moyo mgonjwa, na daktari wake hakutaka apande ndege hata ya abiria. Alikuja vivyo hivyo. Alitaka kumwambia Fundi mambo mawili, nisamehe na ahsante, kabla mmoja wao hajafa. Alichokuwa nacho ni kikaratasi ambacho Fundi alimwandikia mwenzake mmoja alipokuwa anaondoka: Sharqiyah, Oman, yaani mkoa mzima wa mashariki. Jina kamili hakulijua, ila alijua kuwa ni mtu wa Unguja. Wote kule walimwita Fundi, na Bwana Orin miaka yote akiamini mama yake ndivyo alivyomwita.

Nikamwambia neno hili kwetu ni mtu yeyote mwenye kazi ya mkono. Nilimwonea huruma, maana kamtukana mtu halafu anagundua hata jina lake hakulijua.

Ibra tulifika wakati wa soko la wanawake, ambalo Jumatano mwanamume haingii. Bwana Orin akaona vitambaa na kofia zinang'ara ndani, akatia mguu. Bibi mmoja mwenye barakoa akamsimamia mbele na kumwonyesha njia ya kutokea kwa kidole, bila neno, na mtu aliyezoea kuamrishwa na majenerali akageuka kijeshi. Mie nikajifanya simjui.

Nikamuuliza muuza halwa kama yuko fundi wa zamani, mtu wa Unguja, aliyepata kufanya kazi Amerika. Akasema yuko fundi hodari sana, ana gereji nyuma ya kituo cha petroli. Tukaenda. Fundi yule alikuwa mtu mnene wa miaka arubaini hivi, mzaliwa wa Bujumbura, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa. Kwa umri peke yake ningejua siye. Lakini nilishaanza kueleza, nikaeleza mpaka mwisho: huyu bwana ni rubani wa ndege za roketi, anamtafuta fundi.

Akafuta mikono, akafikiri sana.

"Gari naweza, jenereta naweza," alisema. "Ndege ya roketi sijawahi, nisikudanganye. Lakini ailete niione kwanza."

Nilipomfasiria Bwana Orin alicheka mpaka akashika gari. Mara ya kwanza kumwona akicheka. Yule fundi hakukasirika, akatuagizia chai na mkate wa chapati, akatutilia upepo magurudumu yote manne, na hatukuruhusiwa hata kutaja malipo. Mungu amzidishie.

Al Qabil, kwa fundi wa pampu

Gereji ile ilituelekeza Al Qabil, kwa mzee Mzanzibari anayetengeneza pampu za mashamba ya mitende. Umri wake ulifaa. Nikajisemea huyu ndiye, na njia nzima nikamtia Bwana Orin matumaini ambayo sikuwa na haki ya kumtia.

Tulimkuta kisimani, nusu mwili uko chini. Alipopanda juu, Bwana Orin akamtazama, akatikisa kichwa polepole. Mzee wa pampu, ukiondoa Unguja na Oman, hakuwahi kufika mbali kuliko Tanga.

Lakini kuondoka hatukuweza. Kwanza kahawa na tende, halafu wali na nyama ya mbuzi, halafu mama wa yule mzee, bibi mkongwe asiyeona vizuri, akataka aletwe huyo mtu aliyetoka nje ya dunia. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, na akaanza kumhoji mgeni kupitia kwangu.

"Muulize, huko juu aliiona Unguja?"

Bwana Orin akasema aliiona, ndogo, kijani, na bahari pembeni nyeupe nyeupe.

"Na huku kwetu?"

Huku aliona ardhi ya rangi ya tende kavu, na njia za maji zisizo na maji.

Bibi akaridhika. "Basi kweli alifika," alisema. "Muulize haja ndogo wanafanyaje."

Nikaona haya kufasiri. Bwana Orin alivyosisitiza kujua kaulizwa nini, nikamwambia, na akajibu kwa urefu, na mipira na mifuko na mambo mengine, akichora kwa kijiti mchangani. Bibi akasema hiyo tabu yote yeye asingeiweza, bora kisima. Tukaagana naye alasiri, tumeshiba, hatuna fundi. Bwana Orin njiani aliniambia kuwa amehojiwa na marais wawili na hakuna aliyemuuliza vizuri kama yule bibi.

Wadi imeshuka

Nia ilikuwa kulala Sur kwa shangazi yangu. Tulilala kijijini njiani, na kesho yake, karibu na njia panda ya Wadi Bani Khalid, tukakuta gari zimesimama. Mvua ilinyesha milimani na wadi imeshuka, maji mekundu yanakata barabara. Kwa wasiojua, hapo hakuna ujanja. Unazima gari, unangoja maji yakuchoke.

Tulingoja tangu saa tatu ya asubuhi mpaka baada ya adhuhuri. Nilinuna, nakiri. Nilikuwa nimeshakosea mara mbili, na siku za mgeni zinakwisha. Yeye ndiye aliyekuwa mtulivu. Dereva wa lori la maji, kijana wa watu wa Kigoma aliyezaliwa hapa hapa, alitandika mkeka chini ya lori, kila mtu akaleta alichonacho: birika la kahawa, machungwa, sambusa za jana. Wakamuuliza Bwana Orin kazi yake.

Akaeleza kwa mikono. Ndege ya roketi ni ndogo, inafungwa chini ya bawa la ndege kubwa, inapandishwa mpaka juu, halafu inaachwa ianguke. Ukishaanguka ndipo unaiwasha. Moto wake ni wa dakika moja na nusu hivi, unakubana kifuani mpaka huwezi kuinua mkono, mbingu inageuka nyeusi mchana kweupe. Halafu moto unakwisha, na kurudi chini unarudi bila injini. Uwanja ukiukosa mara moja hakuna mara ya pili.

"Ulikuwa ukiogopa?" aliuliza dereva wa lori.

"Nikiogopa kuharibu kazi kuliko kufa," alisema. "Kufa nikiona ni kwa watu wengine. Wenzangu sita wamekufa na bado nikiona hivyo. Aliyekuwa akiogopa kwa niaba yangu ni Fundi."

Dereva akammenyea chungwa akampa.

Sur

Shangazi yangu, Bi Zuwena, kazaliwa Malindi ya Unguja na anaishi Sur kama bado yuko Malindi. Tulifika magharibi, akatuwekea samaki wa kupaka, mkate wa kumimina na ndizi mbivu za nazi. Asubuhi yake nilimpeleka Bwana Orin kwa mafundi wanaounda majahazi, kwa kuwa mtu aliyezoea mitambo, nilifikiri, atapenda kukaa karibu nao. Hapakuwa na mtu wetu. Bwana Orin akarudi nyumbani, akakaa barazani, akaniambia kwa upole kuwa imetosha, nimpeleke Maskati. Keshokutwa ndege yake. Alinishukuru, na shukrani ile iliniuma.

Bi Zuwena alikuwa anachambua mchele.

"Hebu nambie weye," alisema. "Huyo fundi mnayemtafuta, fundi wa nini?"

"Wa ndege, shangazi."

"Nani kasema wa ndege?"

"Asya."

"Asya anaita sufuria kikombe. Muulize mwenyewe."

Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu tutoke Maskati. Mheshimiwa, Fundi alikuwa anafanya nini hasa? Bwana Orin akashangaa, akadhani najua. Akasimama katikati ya ukumbi, akanyoosha mikono miwili kama mtu anayepimwa, akazunguka. Akaonyesha mtu anayepiga magoti, amebana pini midomoni, anavuta kitambaa kifundoni mwa mkono. Fundi alikuwa akimvisha. Ile nguo ya mpira na turubai inayomwokoa rubani hewa ikimtoka, yeye ndiye aliyekuwa akiishona na kuirekebisha na kumfunga ndani yake. Mkono wa kulia ulikuwa mkono wa nguo.

"Fundi cherehani," alisema Bi Zuwena, na akaweka ungo chini. "Mmekwenda gereji, mmekwenda visimani, mmekwenda kwa waunda majahazi, mnamtafuta fundi cherehani. Lete simu."

Wallahi niliona aibu. Sote tunajua Unguja fundi cherehani tukimwita nani. Tukimwita Fundi.

Huko Sharqiyah na Dakhiliyah, mkoa wa Nizwa, wanawake wengi wanadarizi kofia majumbani, na wanajuana kuliko sisi tunavyojuana. Bi Zuwena alipiga simu Ibra, Ibra ikampa mtu wa Bidiyah, Bidiyah ikampa Nizwa. Alikunywa chai vikombe vitatu. Mwisho akaifunika simu kwa mkono, akanigeukia.

"Yuko Nizwa. Sleyum. Babu zake watu wa Ibra, lakini kaoa Nizwa. Alikuwa akishona nguo za mipira Ulaya na Amerika. Wanasema mshono wake hauna mfano, lakini hashoni ila kofia. Mpelekee kanzu, hata ya mtoto mchanga, anakurudishia."

"Kwa nini?"

"Hajamwambia mtu."

Nizwa

Kutoka Sur mpaka Nizwa ni kurudi njia ile ile, Al Qabil, Ibra, halafu kuikamata barabara ya Izki. Wadi ilishakauka kama haikutuzuia. Bwana Orin hakukanyaga breki hata mara moja. Alikuwa akisoma maneno yake kimya kimya, midomo inacheza. Nilimfundisha kusema "nisamehe", akaikariri njia nzima, na kila mara ikitoka na herufi zaidi.

Nyumba iko nyuma ya soko, kwenye kichochoro kinachopita falaji, mfereji wa maji ya mashamba. Nikabisha hodi. Mlango akafungua mwenyewe, mzee mfupi, miwani minene, kastabani kidoleni, kofia isiyokwisha kudariziwa mkononi. Nikamsalimu. Hakuniitikia. Alikuwa anamtazama Bwana Orin, na rangi ikamtoka usoni, nikadhani ataanguka.

Bwana Orin akaanza. "Nisamehee..." alisema, halafu akaingia katika Kiingereza, akisema siku ile alikuwa mjinga, mbele ya watu wale. Mzee Sleyum hakumsikia. Alikuwa amemshika mkono wa kulia, amepandisha mkono wa shati, anageuza kifundo huku na huku, anakitazama kwa karibu, anakibonyeza kwa kidole gumba.

Kisha akanigeukia mie, kwa Kiswahili.

"Muulize. Mshono ulishika?"

Nikamuuliza. Bwana Orin akayakata maneno yake.

"Ulishika," alisema. "Mwambie ulishika. Usingeshika ningekuwa hapa?"

Nikafasiri. Mzee Sleyum akakaa kizingitini pale pale, miguu nje, na kofia ikamwanguka.

Mkewe, Bi Thuwaiba, alikuja na kahawa akatukuta sote chini, wazee wawili na mie. Tukaingizwa ndani. Huko tulielezwa, nusu na mume, nusu na mke. Alipofukuzwa kule, Sleyum alipitia London kuja Oman. Njiani akasikia katika redio kuwa rubani wa majaribio amekufa Amerika na ndege yake. Jina hakuliwahi. Alijua kuwa Orin anaruka siku zile zile, na alijua ule mkono kaushona kwa haraka, alfajiri, bila ya kuujaribu. Basi akamaliza hesabu mwenyewe, na tangu hapo habari za ndege na za angani hakutaka kuzisikia. Bwana Orin akatuambia kuwa aliyekufa alikuwa rafiki yake, katika ndege nyengine, mahali pengine kabisa.

"Ningeuliza nani?" alisema Sleyum. "Nimwandikie nani, nimwambie ni mie niliyemuua?"

"Ndiyo maana hashoni nguo," alisema Bi Thuwaiba. "Husema kofia haiui mtu. Alipokuja kuniposa alikuwa amefunga. Nikadhani ni mcha Mungu tu. Kumbe ni kafara. Miezi miwili mfululizo, kwa sababu ya huyu bwana."

Nikalazimika kumfasiria Bwana Orin hilo pia, na sijapata kufasiri jambo zito kama lile. Nikamwambia kuwa kwetu mtu akimuua mwenziwe bila kukusudia, basi hufunga miezi miwili mfululizo, siku moja isikatike, kumwomba Mungu amsamehe. Na kwamba huyu Fundi wake alifunga kwa ajili yake, katika joto la Oman, kabla ya nyumba kuwa na feni.

"Mchana wote?" aliuliza.

"Mchana wote."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Bwana Orin akajishika uso kwa mikono yote miwili. Mtu aliyeanguka kutoka mbinguni mara ngapi sijui, na hakuogopa, alilia mbele yetu kwa sauti, na hakuona haya. Alipopata pumzi alisema yale mawili aliyojia, kwa Kiswahili changu cha garini, nisamehe, ahsante, akayarudia, herufi zimezidi vile vile. Mzee Sleyum akamwekea mkono begani akauacha hapo.

Tukakaa. Kahawa ikapoa. Halafu Sleyum akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu yake, akasema pole pole:

"Kwa hiyo nilifunga bure."

Hatukujua kama ni masihara au ni majuto. Mkewe akamtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mara tukaona anacheka, machozi yanamshuka mpaka ndevuni, hawezi kujizuia.

"Alhamdulillahi," alisema. "Siku sitini. Bure zote. Alhamdulillahi."

Bwana Orin akanigusa goti, anataka kujua mwenzake kasema nini. Mie, ambaye tangu Maskati sikunyamaza hata kwenye foleni ya wadi, nilikuwa najifuta macho kwa kilemba, sikufasiri. Mzee Sleyum akaona. Akamsogelea rubani wake, na kwa Kiingereza kilichombakia akamfasiria mwenyewe, maneno mawili tu: uko hai.